"Tuma na ya kutolea": somo la biashara lililoko kwenye simu yako

Leo tuongelee hizi simu tunazolipwa nazo.

Wengi tunadhani M-Pesa ilibuniwa ili watu watumiane hela. Hapana. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa waliochukua mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Wale watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Wengine wakaweka hela kwenye simu kabla ya safari, wasitembee na noti. Kampuni ikasoma mchezo, na Machi 2007 ikazindua huduma kwa tangazo la kutuma hela nyumbani. Mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Na sisi tukaongeza ya kwetu: "tuma na ya kutolea." Huo ni utaratibu tuliojitungia mtaani, anayepokea asipungukiwe.

Ila simu nayo imetubadilisha. Dukani mteja anashika dera, analivuta, mnapatana, analipa. Mtandaoni anaona picha tu, na wewe humjui. Imani yote imehamia kwenye meseji, na matapeli wamehamia hukohuko: "ile hela itume kwenye namba hii."

Mimi nauza madera na viatu. Ninavyofanya:

1. Naangalia salio, siyo meseji. Skrinshoti siyo malipo. Mteja akiharakisha, "boda yuko nje, toa mzigo," namwambia kwa upole, "Subiri kidogo dada, niangalie salio." Mteja wa kweli anasubiri.

2. Nataja jumla mapema. "Dera 18,000, boda 3,000, jumla 21,000." Kama analipa kwa kutuma kawaida, nasema kabisa ya kutolea ni ya nani. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

3. Mteja mpya ana haki ya kuogopa. Wa karibu analipa akipokea. Wa mkoani namtumia video mzigo wake ukifungwa, jina lake likionekana, halafu picha ya risiti ya basi.

4. Namfuata mteja anavyotumia simu. Wangu wengi wanatuma sauti, hawaandiki. Basi na mimi najibu kwa sauti.

Waliotengeneza M-Pesa waliwasikiliza watumiaji. Sisi wenye meza moja na simu moja tusijifanye tunajua zaidi.

Wewe je, wateja wako wamekufundisha nini? Tuambie hapo chini, mwenzako ajifunze.