MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA WESHA: KIVINJARI KINAPOKATAA KUFANYA KAZI KATIKA KOMPYUTA YA MFUMO MWEPESI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Wesha wanapewa maelezo haya ili waweze kuitambua hitilafu ya kivinjari kabla ya kuipeleka kompyuta kwa fundi Chake Chake, na hasa kabla ya kukubali ifutwe na kuwekwa upya. Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za mtandao. Kwa kuwa maombi ya huduma na malipo mengi ya Serikali hupitia humo, kikikataa, shughuli za afisi na za wananchi husimama.

Mfumo wenyewe

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Ruhusa yake humwezesha kila mtu kuubadilisha apendavyo. Kwa hivyo yametoka matoleo mengi. Mojawapo ni Puppy Linux, lililotolewa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, ambalo hupakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta na kuipa wepesi hata mashine kongwe. Elimu hii si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za afisi kwa Kiswahili.

Haja ya mifumo hiyo imezidi tangu tarehe 14 Oktoba, 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, ilhali kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Fundi anapoupunguza mfumo ili uwe mwepesi, huondoa vitu anavyoona havihitajiki. Huenda katika hivyo kimo ambacho kivinjari kinakitegemea.

Mambo ya kuangaliwa, kwa utaratibu

Kwanza, mtandao. Hakikisha kuwa simu au kompyuta nyengine iliyounganishwa hapo hapo inafungua kurasa. Ikiwa nayo haifungui, kivinjari hakina kosa.

Pili, saa na tarehe. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kivinjari hukipima kwa saa ya kompyuta. Ndani ya mashine nyingi mna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, inayoiendesha saa hiyo umeme usipokuwepo. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa na vyeti halali vikakataliwa. Dalili yake ni kuwa tovuti zote salama hukataliwa kwa pamoja. Andika amri date katika dirisha la amri; tarehe ikiwa si sahihi, irekebishwe na betri ibadilishwe.

Saa ikiwa sahihi na tovuti nyingi bado zinakataliwa, yumkini orodha ya vyeti vinavyoaminiwa imepitwa na wakati. Tarehe 30 Septemba, 2021, cheti kiitwacho DST Root CA X3 kilimaliza muda wake, na kompyuta nyingi duniani zilizokuwa hazijasasishwa zikashindwa kufungua tovuti zilizokitegemea. Dawa ni kusasisha furushi la ca-certificates. Firefox ina orodha yake yenyewe, kwa hivyo nayo isasishwe.

Watumishi wanaonywa wasilipuuze onyo la cheti kwa kubonyeza kitufe cha kuendelea, khasa katika kurasa za malipo na za neno la siri. Onyo hilo hilo ndilo linalotokea pale mwizi anapojiingiza kati ya mtumiaji na tovuti.

Tatu, nafasi. Amri df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Katika Puppy Linux, mabadiliko aghalabu huwekwa katika faili moja la hifadhi lenye ukubwa uliopangwa. Likijaa, kivinjari hukosa pa kuandika na hufunga ghafla, hata kama diski yenyewe ni tupu. Nakili mafaili yaliyopakuliwa kwenye flashi, uyaondoe, au likuzwe faili la hifadhi. Amri free -h huonyesha kumbukumbu. Ikiwa ndogo, kurasa zisifunguliwe nyingi kwa wakati mmoja.

Nne, kufuli lililosalia. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Kabla ya hapo ikitegemea mashine za dizeli za hapa Wesha. Hata hivyo, umeme wowote waweza kukatika, na kompyuta ikizimika ghafla Firefox huenda ikadai kuwa tayari imefunguliwa. Izimwe kompyuta kwa utaratibu na iwashwe tena. Dai likibaki, ndani ya folda ya .mozilla/firefox, katika folda ya mtumiaji, ondoa mafaili mawili tu: lock na .parentlock. Isipofaa, amri firefox -P hutengeneza wasifu mpya. Ukifunguka, ubaya umo katika wasifu wa zamani. Usiufute, kwani ndimo yalimo maneno ya siri na anwani zilizohifadhiwa.

Tano, aina ya mfumo. Amri uname -m ikijibu x86_64, mfumo ni wa biti 64. Ikijibu i686, ni wa biti 32. Google iliacha kutoa Chrome kwa Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla ikaacha vivyo hivyo kuanzia toleo la 145 la Firefox, Novemba 2025. Hata hivyo, mashine ya biti 64 huweza kuwa imewekewa mfumo wa biti 32 kwa makosa. Amri lscpu itabainisha. Ikiwa ni hivyo, kinachobadilishwa ni mfumo tu, na hapana haja ya kununua kompyuta.

Sita, ujumbe wenyewe. Fungua kivinjari kwa kuandika jina lake katika dirisha la amri. Kikikataa, kwa kawaida hutoa ujumbe unaotaja kilichokosekana. Unakiliwe herufi kwa herufi, kwani fundi akiupata huongeza furushi hilo moja tu.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Kumbukumbu zote za afisi zinakiliwe kwanza nje ya kompyuta na nakala ifunguliwe kuhakikishwa. Pamoja na kompyuta, fundi apewe karatasi yenye tarehe ya hitilafu, ujumbe ulioonekana na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Kompyuta isifutwe mpaka hayo yote yametimizwa.