Kabla ya Sumu na Kigumba, Mshale Hunyooshwa kwa Moto

Ukitaja mishale ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, swali la kwanza la watu huwa ni sumu. Hupikwa kwa mmea gani? Inaua kwa muda gani? Swali la pili huwa ni vigumba vya chuma, ambavyo Wahadzabe hupata kwa kubadilishana bidhaa na wahunzi wa Kidatoga au huvifua wenyewe kutokana na misumari. Kuhusu uti, ile fimbo nyembamba inayobeba vyote hivyo, sijamsikia mtu akiuliza. Nami nashikilia kwamba kazi kubwa ya mshale iko hapo. Uti uliopinda humkosesha mwindaji shabaha, hata sumu iwe kali namna gani.

Porini ni nadra kupata kijiti kilichonyooka kama mshale unavyotaka. Chipukizi hufuata mwanga, hukwepa tawi la jirani, hulemewa na mvua. Likikatwa na kuanza kukauka, upande mmoja husinyaa kuliko mwingine na kuzidi kupinda. Kisu hakiwezi kuliondoa pindo hilo bila kuudhoofisha uti, kwa kuwa kinakata nyuzi zenyewe za mti. Dawa yake ni joto.

Katika kambi za Wahadzabe, wilayani Karatu na Mbulu, kazi hii hufanywa na wanaume wakiwa wameketi kivulini huku mazungumzo yakiendelea. Mtu huchukua kijiti kilichokwisha kumenywa gamba, akafumba jicho moja na kukitazama kwa urefu wake ili aone kasoro iko wapi. Hapo hukipasha moto, akakiuma pale palipopinda, akakikunja kwa mikono yote miwili. Meno ndiyo koleo lake. Hukitazama tena, hukirudisha motoni, hukiuma tena. Na hata mshale uliokwisha kutumika hurudi kwenye moto, kwa sababu unyevu wa hewa na mishtuko ya kugonga miti na mawe huupinda upya.

Kwa nini mti hutii moto? Ndani ya mti mna nyuzi za selulosi, ambazo ni ngumu na ndefu, na kati yake mna lignini inayozigandisha pamoja. Lignini ikipashwa joto hulainika, na nyuzi zikapata nafasi ya kusogea kidogo. Ikipoa hukakamaa, na nyuzi zikabaki pale zilipowekwa. Mti wenye unyevu hulainika katika joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, au hata chini ya hapo. Mti mkavu huhitaji joto kubwa zaidi. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha Michael Thonet, seremala wa Vienna, kukunja mbao kwa mvuke na kutoa mwaka 1859 kile kiti chake cha mikahawa kilichoenea dunia nzima. Thonet aliitwa mvumbuzi. Wahadzabe wanaotumia kanuni hiyo kwenye makaa huitwa watu wa kale, na jambo hilo linanikera.

Wengi wetu tumelelewa na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Uti wa mshale una sheria nyingine. Kijiti kibichi hunyooka kwa mkono bila shida, lakini maji yakishatoka hurudia kupinda. Fundi mvumilivu huvifunga vijiti katika mzigo mmoja ili vishikane, akaviweka kivulini vikauke, ndipo huviingiza kwenye joto.

Hapa California ninapoishi, aliyefanya hivyo na habari zake zikaandikwa kwa kina ni Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi. Mauaji ya walowezi yaliwamaliza watu wake. Mwaka 1911 alijitokeza peke yake karibu na mji wa Oroville, akapelekwa kuishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, na huko alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Daktari wake, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake wa upinde. Pope ameeleza jinsi Ishi alivyopasha vijiti juu ya rundo dogo la makaa, akavikandamiza kwenye kidole gumba cha mguu, kisha akavilainisha kwa kuvisugua kati ya vipande viwili vya jiwe la mchanga. Kusini zaidi, Wachumash walikuwa na jiwe laini lenye mfereji. Waliliweka motoni, kisha wakapitisha tete kwenye mfereji huo na kulinyoosha.

Wajapani nao wana mwanzi maalumu wa mishale, uitwao yadake, unaovunwa majira ya baridi. Fundi huupasha juu ya makaa na kuunyoosha kwa kijiti chenye mkato wa mshazari kiitwacho tamegi. Kwenye mwanzi taabu kubwa iko kwenye vifundo, maana ndipo nyuzi zinapobadili mwelekeo. Joto pia huufanya utoe mafuta, na fundi huyafuta kwa kitambaa.

Kama unataka kujaribu, tumia makaa badala ya ndimi za moto, na usiache kuzungusha kijiti. Anza na pindo kubwa; vipindo vidogo vifuate baadaye. Kunja kupita kidogo mstari unaoutaka, maana kijiti hurudi nyuma kinapoachiwa, na ukishikilie mpaka kipoe. Kikianza kubadilika rangi na kuwa cheusi, kiondoe. Mahali palipoungua hapana nguvu tena, na mshale unapoachiwa hupinda kwa kishindo cha upote kabla ya kutulia hewani. Uti ulioungua unaweza kukatika papo hapo na kumchoma mpigaji mkononi.

Ishi alipokufa hakuacha Myahi wa kumrithi, na tunachokijua leo ni kile ambacho daktari mmoja alikuwa na subira ya kukitazama. Wahadzabe wapo, watu zaidi kidogo ya 1,000, na mwaka 2011 baadhi yao walipata hati ya kimila ya ardhi yao katika Bonde la Yaeda. Ndugu yangu, likizo ikikupeleka Karatu na ukafika Mang'ola, usiishie kupiga picha ukiwa umeshika upinde. Omba ruhusa ya kuketi na wazee wanaponyoosha nyuti, lipa muda wao kwa haki, uliza majina ya miti kwa Kihadza, na uyaandike kama wao watakavyoyatamka.