Kila Mpiganaji na Mpinzani Wake: Neno kwa Wazazi Kuhusu Michezo ya Vijana



Kuanzia tarehe 3 Julai hadi 25 Agosti mwaka 2024, mji huu wa Riyadh uliandaa Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki. Sisi tunaoishi Al-Dirah, jirani na ngome ya Masmak, tuliwasikia vijana wetu wakizungumza usiku na mchana juu ya Boulevard City, ambako mabingwa wa Street Fighter 6 na Tekken 8 walipambana. Wazazi nao huuliza: je, katika kubofya vitufe huko mna akili yoyote? Tunajibu kwamba imo, na makao yake ni katika kumjua mpinzani.

Tuchukue mfano wa mchezo unaopendwa majumbani, ingawa haukuwamo katika Kombe hilo: Super Smash Bros. wa kampuni ya Nintendo. Ulipotoka mwaka 1999 ulikuwa na wapiganaji 12. Toleo la Ultimate la mwaka 2018 lina zaidi ya 80. Wapiganaji husimama juu ya jukwaa. Kila pigo humwongezea mtu asilimia ya madhara, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo anavyorushwa mbali zaidi. Akitupwa nje ya mipaka, amepoteza uhai mmoja.

Kwa hiyo hakuna mpiganaji aliye bora mbele ya wote. Little Mac, mwanamasumbwi, ni hatari akiwa ardhini, lakini hewani ni dhaifu na hurudi jukwaani kwa shida. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga: mpinzani mwerevu hashindani naye kwa ngumi, bali humvuta ukingoni na kumtoa nje. Bowser ni mzito, hatupiki kwa urahisi. Lakini mwili wake mpana ni shabaha rahisi ya mapigo mfululizo. Samus hurusha makombora kutoka mbali, na anayemkimbilia kwa pupa huangamia. Anayejikinga na kusogea kwa subira humfikia.

Bingwa mmoja wa Sweden, Adam Lindgren, ajulikanaye kama Armada, alitufunza jambo katika toleo la Melee la mwaka 2001. Mpiganaji wake mkuu alikuwa Peach, ambaye hupata taabu mbele ya Jigglypuff. Jigglypuff huelea hewani, hana silaha ya kurusha, na lazima akaribie ndipo apige. Armada akajifunza Young Link, mwenye mishale na mabomu, ili amzuie asikaribie. Hakumwacha Peach, alimtafutia msaidizi kwa adui mmoja. Baadaye alimtumia pia Fox.

Kwa upande wa pili, Mmarekani Juan DeBiedma, aitwaye Hungrybox, alishikamana na Jigglypuff. Alijifunza kila mpinzani kwa undani, na katika mashindano ya Evo ya mwaka 2016 alimshinda Armada huyo huyo katika fainali. Njia zote mbili ni halali, na zote mbili zinadai kazi.

Hapa ndipo penye nasaha yetu. Kijana akishindwa, husema upesi, "Mpiganaji wangu mbovu," kisha huchagua mwingine, na mwingine tena. Wengine humchagua Shaheen, Msaudi aliyeingizwa katika Tekken 7 mwaka 2015, kwa kupenda kilemba chake tu. Mapenzi si makosa, lakini hayatoshi. Mzazi amwulize mwanawe maswali matatu: Ni pigo lipi lililokushinda? Lilikupata ukiwa umbali gani? Baada ya pigo hilo, mpinzani hubaki wazi kwa muda gani? Akiweza kujibu, anajifunza. Asipoweza, kubadili mpiganaji mara kumi hakutamfaa. Akijibu yote na bado ashindwe na huyo mmoja, basi na atafute msaidizi kama Armada.

Maswali haya yana faida nyingine kwetu tulio ughaibuni. Watoto wetu wana ulimwengu ambao wengi wetu hatuujui, na mazungumzo ya nyumbani hupungua mwaka hata mwaka. Tuketi nao jioni moja, tuwaachie wawe walimu, nao watueleze kwa Kiswahili jinsi mnyonge anavyomshinda mwenye nguvu. Tutajifunza mchezo, nao watapata maneno ya lugha yao.