Majengo Tunayoyataja Bila Kuyajua

Katika studio nyingi za usanifu majengo siku hizi, uchunguzi kifani ni kazi ya jioni moja. Mwanafunzi aliyeambiwa abuni soko hutafuta mtandaoni masoko mawili matatu ya Ulaya yenye picha nzuri, akayabandika kwenye karatasi kubwa pamoja na ramani alizozikuta hapohapo, kisha akachora mishale ya rangi kuonyesha mwanga na upepo. Siku ya kutetea michoro, jopo huipitia karatasi hiyo kwa dakika chache. Hakuna anayeuliza sakafu ya soko lile huoshwa na nani, maji ya samaki yanaishia wapi, wala kama wachuuzi waliohamishiwa humo bado wamo au walisharudi barabarani.

Simlaumu mwanafunzi. Amefanya alichoonyeshwa, na waliomwonyesha ni taaluma nzima iliyoacha kurudi kwenye majengo yake.

Kuacha huko kuna tarehe. Mwaka 1963 Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza ilichapisha mwongozo wa hatua za kazi ambao hatua yake ya mwisho, iliyopewa herufi M, ilimtaka msanifu arudi baada ya watu kuhamia, aone jengo linavyotumika. Mwaka 1972 hatua hiyo ilifutwa. Mteja hakuona sababu ya kulipia ziara ya jengo lililokwisha, na taasisi haikutaka ionekane kwamba wasanifu wangeifanya kazi hiyo bure. Hofu nayo ilikuwepo: anayerudi akakuta kosa lake anaweza kushtakiwa kwalo. Kati ya 1995 na 2002 watafiti wachache wa Uingereza waliyachunguza majengo yapatayo 20 yaliyokuwa yakitumika, wakachapisha matokeo kwa kuyataja majina. Mara nyingi umeme na gesi vilivyotumika vilizidi mno makadirio ya wabunifu. Hatua ya kurudi kwenye jengo ilirejeshwa mwongozoni mwaka 2013, kwa jina jingine. Kati ya kufutwa na kurejeshwa kuna miaka 41, yaani wasanifu walianza kazi na wakastaafu bila kudaiwa hata mara moja kurudi kuona walichojenga.

Penye pengo la ushahidi, hadithi huingia. Hakuna mfano ulio wazi kuliko Pruitt-Igoe, mtaa wa nyumba za umma uliojengwa St. Louis, Marekani, katikati ya miaka ya 1950: majengo 33 ya ghorofa 11, kazi ya Minoru Yamasaki. Yalianza kubomolewa mwaka 1972. Miaka mitano baadaye mhakiki wa usanifu Charles Jencks aliandika kwamba usanifu wa kisasa ulikufa siku yalipolipuliwa, akataja mpaka dakika. Tarehe aliyoitaja haikuwa ya ubomoaji wa kwanza, lakini sentensi yake ilisafiri dunia nzima na kuingia madarasani kama kifani kilichokamilika: umbo baya huzaa maisha mabaya.

Ilichukua hadi 1991 kwa mtafiti Katharine Bristol kuyapitia madai hayo moja moja. Tuzo ambayo mtaa huo ulisemekana kupewa na chama cha wasanifu wa Marekani haikuwahi kutolewa. Yamasaki alikuwa amependekeza mchanganyiko wa majengo marefu na mafupi. Wenye kushika fedha ndio waliotaka yote yawe marefu. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji maskini, katika mji uliokuwa na wakazi 857,000 hivi mwaka 1950 na kubaki na 622,000 hivi mwaka 1970. Kodi zilipopungua, lifti ziliharibika na mabomba yakapasuka. Ubunifu ulikuwa na dosari zake, hilo halikataliki, ila mwanafunzi aliyefundishwa umbo peke yake alitoka darasani akiwa amefundishwa uongo. Nasema uongo kwa sababu daftari za mapato na matengenezo zilikuwepo, na waliokuwa wakilihubiri somo hilo hawakuzifungua.

Kwetu kuna Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Wengi wanalijua kwa paa lake la zege lililoinuka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, lenye kukinga mvua na kuishusha kwenye tangi chini ya ardhi. Picha hiyo haikosekani. Kinachokosekana kwenye kazi za wanafunzi ni soko lenyewe: maji ya tangi yalivyotumika mwaka hadi mwaka, shehena zilivyoshuka ghala la chini na kupanda, na sababu za biashara kufurika nje hadi kuziba barabara. Mwalimu na wanafunzi kumi wangeweza kuyapata hayo kwa kuwauliza wapagazi na wauzaji wa siku za mwanzo. Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Baadaye limekarabatiwa, na yule aliyeuza pale miaka 30 anazeeka.

Jijini humohumo, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36. Michoro, vipimo vya zege na mlolongo wa vibali vya jengo kama lile vilipaswa kuwa somo la lazima katika kila chuo cha usanifu na uhandisi nchini. Kifusi kikishazolewa na mahakama ikamaliza kazi yake, yanayobaki kwa mwanafunzi ni habari za magazeti. Huo si uchungu wa msiba peke yake. Ni elimu iliyolipiwa kwa roho za watu ikaachwa ipotee.

Mwalimu wa studio unayesoma haya, muhula ujao toa jengo moja tu, lililo karibu. Wape wanafunzi futi kamba, waende asubuhi, warudi saa nane mchana jua likiwa kali, warudi tena siku ya mvua. Kabla hawajachora chochote, wakae na fundi bomba na mama anayefagia, waandike wanachoambiwa. Nawe uliyelibuni jengo hilo, wakibisha hodi ofisini kwako kuomba michoro, wape.