Hofu ya Kuanguka kwa Wazee Wenye Kizunguzungu

Hofu ya kuanguka ni woga wa kudumu unaomfanya mzee aache mambo ambayo mwili wake bado unayaweza. Huwapata waliokwisha kuanguka, na huwapata pia wasioanguka hata mara moja lakini wanasumbuliwa na kizunguzungu au wamewahi kuzirai. Woga wa hawa ni mgumu zaidi kutoka. Aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji anaijua sakafu hiyo na ataikwepa. Aliyezirai hajui saa wala mahali.

Mwaka 1990 Mary Tinetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha kipimo cha hofu hii. Hakimuulizi mzee kama anaogopa. Kinamuuliza ana uhakika gani wa kufanya shughuli kumi za kawaida, kama kuoga na kuvaa, bila kuanguka. Kwa mzee wa Mbegani, jirani na mji wa Bagamoyo, zipo nyingine za kuulizia: kuchuchumaa chooni, kuinuka baada ya kusujudu, kushuka ufukweni mitumbwi inaporudi, kupanda bodaboda kwenda hospitali ya wilaya. Mzee anayesema hajambo kabisa, lakini ameacha msikiti na sasa anaswali nyumbani, amekwisha kujibu.

Matibabu huanzia kwenye kizunguzungu chenyewe, na hapo ndipo mambo mengi huharibika, kwani jina hilo moja hubeba maradhi tofauti.

Mojawapo ni presha kushuka wakati wa kusimama. Bibi amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, magoti karibu yaguse kifua, kisha anainuka na bakuli mkononi. Nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwa kijana, mishipa hujibana papo hapo na moyo huongeza kasi. Uzeeni mwili huchelewa kujirekebisha, ubongo hupungukiwa damu, macho yanaingia giza, na bibi anakamata mwimo wa mlango. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, tatizo limethibitika. Joto la pwani, kutokunywa maji ya kutosha, kisukari cha muda mrefu na baadhi ya dawa, zikiwemo za presha na za tezi dume, huizidisha hali hiyo.

Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban watu saba kati ya kumi wenye miaka 70 na kuendelea wana presha ya juu. Presha hiyo lazima itibiwe. Lakini mzee akipimwa akiwa amekaa tu, kushuka kwake hakuonekani kamwe. Kuligundua tatizo hilo hakuhitaji mashine mpya: alale dakika tano apimwe, kisha asimame apimwe tena. Dawa zake zote, hata za dukani, zifungwe kwenye mfuko mmoja na kupelekwa kwa daktari. Kuziacha kwa uamuzi wa nyumbani ni hatari ya aina nyingine.

Kizunguzungu cha sikio ni tofauti. Chumba kinazunguka kwa sekunde chache mzee anapojigeuza kitandani au anapotazama juu, kwa sababu chembe ndogo za chokaa zimehama mahali pake ndani ya sikio. Daktari John Epley wa Marekani alibuni namna ya kugeuza kichwa kwa mpangilio hadi chembe zirudi, kazi ya dakika chache isiyohitaji dawa. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu havizirudishi, na baadhi humtia mzee usingizi akazidi kuyumba.

Kuzirai ghafla bila dalili, hasa mtu akiwa amekaa au amelala, humwelekeza tabibu kwenye moyo. Wapo wanaoona ni upepo au mashetani. Dua isomwe, lakini siku hiyohiyo mzee apimwe umeme wa moyo. Mapigo yakiwa yanakatika, anaweza kuhitaji betri ya moyo, ambayo huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hata chanzo kikitibiwa, hofu huweza kubaki. Mzee anafupisha hatua, anakaza shingo, anatazama miguu, anakaa kutwa. Misuli ya mapaja inanywea, na kuanguka kunakuwa karibu zaidi kuliko mwanzo. Watoto na wajukuu huchangia kwa mapenzi: “Kaa tu bibi, tutakuletea.” Wiki chache za kuletewa kila kitu zinatosha kumpunguzia nguvu za kuinuka. Afadhali asindikizwe anapokwenda kuliko kuzuiwa asiende. Kila siku asimame na kukaa kwenye kiti kizito mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Kabla ya kutoka kitandani aketi kidogo na kukazakaza misuli ya miguu. Macho yaangaliwe kama yana mtoto wa jicho, na njia ya chooni iwe na mwanga usiku.

Lisilofundishwa mara nyingi ni kuinuka baada ya kuanguka, ingawa woga wa kubaki sakafuni peke yake ni mkubwa kwa wengi. Zoezi hufanyika juu ya mkeka: mzee anajigeuza ubavu, anapiga magoti na viganja, anatambaa hadi kwenye kiti, anaweka mguu wenye nguvu mbele, anajisukuma, anaketi. Kama nyonga inauma sana au mguu mmoja umefupika na kupindia nje, asiinuliwe wala kupakiwa bodaboda. Atafutiwe gari la kumbeba akiwa amelala.