Mpasuaji wa Mkoani na Barua kwa Tabibu: Ushauri wa Kitiba Katika Karne ya 18

Katika Uingereza na Uskoti za karne ya 18, kazi ya kuwatibu wagonjwa iligawanywa, kwa sheria na kwa desturi, katika makundi matatu yasiyolingana hadhi. Juu alikuwapo tabibu, yaani msomi mwenye shahada ya chuo kikuu aliyesoma vitabu vya Kilatini, ambaye kazi yake ilikuwa kuyafikiria maradhi ya ndani ya mwili na kuandika dawa, akiwaachia wengine shughuli za mikono. Chini yake alikuwapo mpasuaji, aliyepata ujuzi wake kwa uanagenzi, yaani kwa kukaa miaka kadhaa na fundi mkuu akimtumikia na kujifunza kwake, na ambaye eneo lake lilikuwa yale yanayoonekana na kushikika: vidonda, majipu, mifupa iliyovunjika, ngiri, vijiwe vya kibofu na kazi ya kutoa damu kwa kuchanja mshipa. Wa tatu alikuwa mtengeneza dawa, aliyechanganya na kuuza kile ambacho tabibu alikuwa amekiandika. Mgawanyo huu ulikuwa na mizizi mirefu, kwa kuwa wapasuaji wa London waliunganishwa na vinyozi katika chama kimoja tangu mwaka 1540 hadi mwaka 1745, na wale wa Edinburgh walikuwa na chama chao pamoja na vinyozi tangu mwaka 1505.

Mbali na miji mikubwa, hata hivyo, mgawanyo huo haukuweza kusimama. Matabibu wenye shahada walikuwa wachache, walikaa mijini walikokaa matajiri, na ujira wao ulihesabiwa kwa gini, sarafu ya dhahabu yenye thamani ya shilingi 21, ambayo kwa kibarua wa shamba ilikuwa mapato ya majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo mpasuaji wa mji mdogo alijikuta akifanya kazi zote tatu kwa wakati mmoja: alichanja na kufunga vidonda, aliwazalisha wanawake waliopata uchungu mgumu, alichanganya dawa katika chumba chake mwenyewe, na aliitwa usiku kwa mtoto mwenye homa au kwa mzee aliyeshikwa na kiharusi. Maradhi ya ndani kama homa na kiharusi, kwa mujibu wa kanuni za taaluma, hayakuwa yake, wala uanagenzi wake haukumpa mamlaka ya kuyasemea mbele ya familia yenye wasiwasi. Pale ugonjwa ulipomshinda, au pale familia ilipotaka kusikia neno la mkubwa zaidi, alichukua kalamu akamwandikia tabibu aliyekuwa mbali.

Barua hizo zimezoeleka kutazamwa kama dalili ya unyonge wa mpasuaji, na pia kama dalili ya uzembe wa tabibu aliyetibu watu asiowaona. Ukweli wake ni mzito kuliko hayo. Barua ya ushauri ilikuwa chombo cha kazi kilichomlazimisha mtu wa mikono kuutazama ugonjwa kwa utaratibu na kuueleza kwa maneno yanayopimika, na kilichomlazimisha msomi kukiri kwamba elimu yake ilitegemea macho ya mwenzake. Na kwa njia hiyo ilianza kuufuta mpaka ambao sheria ilikuwa bado inaulinda.

Mfano ulio bora kuliko yote wa jambo hili ni kazi ya William Cullen, tabibu na profesa wa Edinburgh, aliyezaliwa mjini Hamilton, Uskoti, mwaka 1710 na kufariki mwaka 1790. Cullen mwenyewe alianza maisha yake ya kazi katika upasuaji: alikuwa mwanagenzi mjini Glasgow, akaenda West Indies akiwa mpasuaji wa meli ya biashara, na baada ya kurudi akafungua kazi Hamilton mwaka 1736. Huko alimpokea kijana William Hunter, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu mashuhuri wa anatomia na mkunga wa malkia, na alikuwa rafiki wa William Smellie, mpasuaji wa mji jirani wa Lanark aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya uzazi. Mwaka 1740 Cullen alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akaacha upasuaji na kushika utabibu. Aliitwa Edinburgh mwaka 1755 kufundisha kemia, akapewa kiti cha nadharia ya tiba mwaka 1766 na kile cha tiba kwa vitendo mwaka 1773. Mtu aliyekuwa akisoma barua za wapasuaji wa mikoani, basi, alikuwa mtu aliyeyajua maisha yao kwa kuyaishi.

Barua alizopokea na nakala za majibu yake tangu mwaka 1755 hadi mwaka wa kifo chake zimehifadhiwa kwa maelfu katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Edinburgh. Waandishi wake walikuwa wa namna nyingi, wakiwamo wagonjwa wenyewe, waume na wazazi wa wagonjwa, na matabibu wengine, lakini kundi la wapasuaji wa miji midogo lina nafasi ya pekee, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamewahi kukaa katika ukumbi wake wa mihadhara. Kitivo cha tiba cha Edinburgh, kilichoanzishwa mwaka 1726, kilimruhusu kijana kulipia kozi moja moja bila ya kulazimika kuhitimu, na kwa hiyo wanagenzi wengi wa upasuaji walikuja kwa msimu mmoja au miwili, wakasikiliza, wakawatazama wagonjwa katika hospitali ya kifalme ya mji huo, kisha wakarudi kwao bila shahada. Kumwandikia profesa baada ya miaka kadhaa kulikuwa, kwa watu hawa, kuendelea na masomo ambayo fedha hazikuwaruhusu kuyamaliza.

Barua iliyoandikwa vizuri ilikuwa na umbo linalojulikana. Ilianza kwa kumweleza mgonjwa: umri wake, kazi yake, kama ameoa au kuolewa, umbo la mwili wake na tabia yake ya asili. Hili la mwisho lilitokana na mafundisho ya kale ya Wagiriki, yaliyosema kwamba mwili unaongozwa na majimaji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba mchanganyiko wake humfanya mtu awe mchangamfu, mpole, mwenye hasira au mwenye huzuni. Baada ya hapo ilifuata historia ya ugonjwa tangu dalili ya kwanza, ikieleza saa za homa kupanda na kushuka, mapigo ya mshipa yalivyokuwa na kasi au unyonge, ulimi ulivyoonekana, na hali ya mkojo, choo, jasho, usingizi na hamu ya chakula. Mwisho wake ulikuwa orodha ya dawa zilizokwisha kutolewa na matokeo ya kila moja, na hapo ndipo mpasuaji alipojiweka wazi zaidi, kwa kuwa alikuwa akimwonyesha mkubwa wake kile alichokwisha kukifanya kwa uamuzi wake mwenyewe.

Msomaji wa leo aliyezoea picha za eksirei na vipimo vya maabara anaweza kushangaa kwamba tabibu aliweza kutoa uamuzi kwa karatasi peke yake. Mshangao huo unapungua anapokumbuka kwamba tabibu wa wakati ule hakuwa na vyombo vingi hata alipokaa kando ya kitanda. Kifaa cha kusikilizia kifua kilibuniwa na tabibu Laennec mjini Paris mwaka 1816. Mbinu ya kugonga kifua kwa vidole ili kusikia kama kina maji, ambayo Leopold Auenbrugger wa Vienna aliichapisha mwaka 1761, haikufuatwa na wengi kwa miongo kadhaa. Na kipimajoto hakikuwa chombo cha kawaida cha mganga. Maarifa makubwa ya tabibu yalitoka katika masimulizi ya mgonjwa, na masimulizi yanaweza kusafiri kwa posta. Ndiyo maana desturi hii haikuwa ya Uskoti peke yake: Herman Boerhaave wa Leiden aliulizwa kwa barua kutoka pande nyingi za Ulaya, na Samuel-Auguste Tissot wa Lausanne, katika kitabu chake cha mwaka 1761 cha kuwashauri watu wa kawaida juu ya afya, aliweka maswali ambayo mtu anapaswa kuyajibu kabla ya kumwandikia tabibu.

Cullen aliwapa wanafunzi wake kitu kingine kilichorahisisha mawasiliano, nacho ni mpangilio wa magonjwa alioutoa mwaka 1769, ulioyagawa katika makundi makuu manne: magonjwa ya homa, magonjwa ya neva, magonjwa ya kudhoofika kwa mwili mzima, na magonjwa ya sehemu moja ya mwili. Yeye aliiacha kwa kiasi kikubwa nadharia ya majimaji manne na kuweka mfumo wa neva katikati ya uhai, akisema kwamba maradhi mengi hutokana na neva kukaza au kulegea kupita kiasi. Hata kama nadharia hiyo haikudumu, mpangilio wake ulifanya kazi kubwa, kwa sababu mpasuaji aliyesoma kwake na profesa wake waliweza kutumia majina yaleyale kwa maana zilezile, na bila makubaliano ya namna hiyo maelezo ya karatasini yangemfikia msomaji yakiwa na utata.

Majibu yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu mwenendo wa maisha, ambao matabibu wa zama hizo waliupanga chini ya mambo sita: hewa, chakula na kinywaji, usingizi na kukesha, mwendo na mapumziko, vitu vinavyotoka na kubaki mwilini, na hisia za moyo. Kwa hiyo mgonjwa wa jongo, yaani maumivu makali ya viungo yanayoanzia mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, angeagizwa kupunguza nyama na mvinyo, na mwenye udhaifu wa neva angeambiwa apande farasi kila siku. Sehemu ya pili ilikuwa dawa: magome ya mti wa sinkona kutoka Peru, ambamo baadaye ilitolewa kwinini, kwa homa za vipindi, afyuni kwa maumivu, dawa za kutapisha, za kuharisha, na za kutia malengelenge ngozini. Vipimo viliandikwa kwa uangalifu katika mfumo wa watengeneza dawa, ambamo greni 20 zilifanya skrupuli moja, skrupuli tatu zilifanya drakma, na drakma nane zilifanya aunsi. Kwa kuwa hali ya mgonjwa ingeweza kubadilika kabla jibu halijafika, mshauri wa mbali alilazimika kuandika kwa masharti, akieleza la kufanya homa ikizidi na la kufanya ikipungua, na kwa kufanya hivyo alimwachia mpasuaji uamuzi wa mwisho.

Mazingira ya posta nayo yaliunda mawasiliano haya. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1840, ada ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, jambo lililomfundisha mwandishi kusema mengi katika nafasi ndogo. Magari ya farasi ya posta yalianza kati ya Bristol na London mwaka 1784, na yalipofika Edinburgh mwaka 1786 safari kutoka London ilichukua kiasi cha saa 60. Cullen alihifadhi nakala ya majibu yake, kwanza kwa mkono wa karani, kisha kuanzia mwaka 1781 kwa mashine ya James Watt, iliyoibandika barua ya wino maalumu juu ya karatasi nyembamba yenye unyevu na kuikandamiza hadi maandishi yakahamia upande wa pili. Kwa njia hiyo, barua ya pili ya mpasuaji ilipofika baada ya miezi, tabibu alikuwa na kumbukumbu kamili ya alichokuwa amekishauri.

Mapungufu ya mfumo huu hayapaswi kufichwa. Nyingi za tiba zilizoagizwa hazikuponya, na utoaji wa damu uliwadhoofisha watu waliokuwa tayari dhaifu. Mwaka 1784 James Boswell aliwaandikia Cullen na matabibu wenzake wa Edinburgh kuhusu rafiki yake, mwandishi Samuel Johnson, aliyesumbuliwa na pumu na kuvimba mwili kwa maji, nao wakamjibu kwa moyo mwema. Johnson alifariki mwezi Desemba mwaka huohuo. Elimu ya wakati ule haikujua vijidudu vya maradhi wala namna ya kuona moyo unavyoshindwa kazi, na hakuna ufasaha wa kalamu ambao ungeweza kuziba pengo hilo.

Thamani ya barua hizi, kwa hiyo, haipimwi kwa idadi ya waliopona. Inapimwa kwa nidhamu waliyoijenga watu wawili wenye mafunzo tofauti: mmoja akijifunza kuandika alichokiona badala ya alichokidhania, mwingine akijifunza kuuliza kabla ya kuamuru. Sheria ilichelewa kuwafuata. Ufaransa iliunganisha mafunzo ya tiba na upasuaji katika shule zake mpya za afya mwaka 1794, na Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1858 ndipo sheria ya tiba ikawaandikisha matabibu, wapasuaji na watengeneza dawa katika daftari moja. Wapasuaji wa miji midogo ya Uskoti na profesa wao walikuwa wamekwisha kuwa taaluma moja kwa vitendo zaidi ya nusu karne kabla ya Bunge kulitambua jambo hilo, na historia ya tiba inayowataja maprofesa bila kuwataja wapasuaji waliowaandikia ni historia iliyoandikwa nusu.