Maziwa Mabichi na Vijidudu Visivyosikia Dawa

Miongoni mwa maradhi ya ng'ombe wa maziwa, machache humtia mfugaji hasara kama ugonjwa wa kiwele. Kiwele huvimba na kupata moto, ng'ombe hurusha teke aguswapo chuchu, na maziwa hutoka na mabonge, pengine na damu. Mfugaji, ambaye aghalabu riziki ya aila yake yaitegemea ndoo ile ya asubuhi, huenda mbio kwenye duka la dawa za mifugo, akanunua bomba la dawa ya kuua vijidudu na kulisukuma katika chuchu, au akamdunga mnyama sindano ya oksitetrasaiklini, bila ya daktari kumwona ng'ombe wala uzito wake kukadiriwa. Siku ya pili, uvimbe ukipungua, dawa huachwa; na maziwa, ambayo yangalipasa kumwagwa, huchanganywa na ya ng'ombe wengine yakapelekwa kuuzwa.

Hapo ndipo madhara yaanzapo. Katika umati wa vijidudu, ambavyo wataalamu huviita bakteria, huweza kuwamo vichache vyenye tabia ya kuistahimili dawa. Dawa ikitolewa kamili huangamiza vilivyo vingi, na nguvu za mwili zikamalizia vilivyosalia. Ikitolewa pungufu, huua vilivyo dhaifu na kuviachia vilivyo hodari nafasi ya kuzaliana, na kijidudu kama E. coli, kipatapo joto na chakula cha kutosha, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Fauka ya hayo, vijidudu hupeana usugu: kimoja humpa jirani yake, hata asiye wa jinsi yake, kipande cha urithi chenye uwezo wa kuishinda dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kipimo kidogo kisichoua huvizoeza vijidudu kuistahimili dawa. Leo Staphylococcus aureus, kimojawapo cha vijidudu vikuu viletavyo ugonjwa wa kiwele, kina koo nyingi zitoazo kimeng'enya cha kuivunja penisilini.

Vijidudu hivi huingia katika maziwa kutoka kwenye kiwele chenye maradhi, na kutoka kwenye samadi, mikono ya mkamuaji, na madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba yasiyosuguika ndani. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya maziwa huuzwa mabichi, bila ya kupitia kiwandani. Na imekuwa rehema kwetu kwamba nyumba nyingi huyachemsha kwa chai. Lakini yako maziwa ya mgando yanayopatikana kwa kuyaacha mabichi katika chombo mpaka yagande yenyewe, na watu wengi huamini kuwa ukali wake watosha kuyasafisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza sampuli zaidi ya 2,000 za maziwa kutoka majimbo matano ya Marekani, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba maziwa mabichi yakiachwa katika joto la chumbani, vijidudu vyenye urithi wa usugu huongezeka mno. Ukali wa mgando huzuia baadhi ya vijidudu, wala hauviui vyote.

Moto huviua, sugu na visivyo sugu sawasawa. Hata nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, kama wafanyavyo viwandani, zatosha kwa vile viletavyo maradhi. Lakini moto hauondoi mabaki ya dawa yenyewe. Penisilini iliyomo katika maziwa huvuka mchemko, ikaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake hauipokei. Mtengenezaji wa mtindi huitambua kwa namna yake: hutia kianzio kama ada, akangoja, na maziwa yakakataa kuganda, kwa kuwa dawa imeua vijidudu vyema vigandishavyo.

Wako waonao busara kumnywesha ndama maziwa hayo kuliko kuyamwaga. Busara hiyo ina hatari, kwani dawa huvichuja vijidudu vya tumbo la ndama vilevile, vikatoka na mavi yake vikiwa sugu, vikaenea zizini na kurudi kwenye chuchu.

Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya maradhi ya bakteria sugu. Maziwa ni njia moja tu miongoni mwa nyingi, lakini ni njia tuwezayo kuiziba. Mfugaji na aoshe mikono na kiwele kabla ya kukamua, akamulie matone ya kwanza katika kikombe cheusi apate kuyaona mabonge mapema, amwite daktari wa mifugo, atimize dawa kwa siku zote alizoamriwa, na asiuze maziwa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa upite. Serikali nazo zisimamie uuzaji wa dawa hizi, na vituo vya kukusanyia maziwa vipatiwe vipimo vya mabaki.

Nawe msomaji, chemsha maziwa kabla ya kuyanywa na kabla ya kuyagandisha, kisha yapoze na kuyatia kijiko cha mtindi safi. Wala usimlaumu mfugaji akuambiaye kwamba leo hana maziwa ya kuuza kwa kuwa ng'ombe wake yu katika dawa. Huyo ndiye wa kununua kwake kesho.